Nimepata kazi kwenye kituo cha hali ya hewa kileleni, mjomba anasema ninajizika

Swali: Mtaalamu, pole na kazi. Nina miaka 27, nimemaliza mafunzo ya upimaji wa hali ya hewa na nimeitwa kazini kwenye kituo kilicho kileleni, karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Tutakuwa wawili kila zamu, wiki mbili juu, wiki mbili chini. Mwezi uliopita walinipandisha kwa gari la kebo nikalala usiku mmoja ili nione mazingira. Kichwa kiliniuma tangu jioni, chakula hakikupita, na asubuhi mwenyeji wangu akaniambia kuwa usingizini nilikuwa nakata pumzi kisha nashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Niliogopa sana. Tena kila nilipogeuka niliona mitambo inapima yenyewe. Sasa mimi naenda kufanya nini huko, na kazi hiyo itakuwepo baada ya miaka mitano? Halafu kuna upweke. Mjomba wangu anasema ni kujizika nikingali hai. Barua ya kukubali natakiwa niirudishe mwisho wa mwezi. Naomba ushauri wa kweli, hata kama ni mchungu.

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu, lakini nadhani lililokunyima raha ni hilo la pumzi. Haya mengine unaweza kubishana na mjomba mkiwa mmekaa kitako. La pumzi linamtisha mtu akiwa kitandani, taa zimezimwa. Basi tuanze nalo. Mimi si daktari. Ni mpimaji niliyefanya kazi vituo vya milimani na baadaye kuwapangia wenzangu zamu, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo kila mtu wa vituo hivyo hulazimika kuyajua, na panapohitaji daktari nitakuambia wazi.

Watu husema kule juu hakuna oksijeni. Si kweli. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kwenye usawa wa bahari barometa, yaani kipimo cha mgandamizo huo, husoma wastani wa hektopaskali 1,013. Kwenye mita 2,900 itakusomea kama 710. Kwa hiyo kila pumzi unayovuta imebeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 30. Mwili haungoji uambiwe. Ndani ya dakika chache unaanza kupumua haraka na kwa kina zaidi, hata kama umekaa tu unatazama dirishani.

Tatizo la usiku linazaliwa hapo. Ukipumua kwa wingi unatoa pia kaboni dayoksaidi nyingi kuliko kawaida, na ubongo hutumia kiasi cha gesi hiyo kwenye damu kuamua lini uvute pumzi nyingine. Ukiwa macho hutambui lolote. Ukilala, gesi hiyo ikishuka kupita kiasi, ubongo unaona hakuna haraka, unanyamaza kwa sekunde kadhaa. Kifua kinatulia kabisa. Wakati huohuo oksijeni inazidi kushuka na kaboni dayoksaidi inajikusanya, mpaka ubongo unashtuka na kukuvutisha pumzi nzito tatu nne mfululizo. Unarudi palepale, na mzunguko unaanza upya. Aliyelala chumba kimoja nawe anasikia kimya, kisha mkoromo wa ghafla, kisha kimya tena.

Hicho ndicho alichokisikia mwenyeji wako, na ni jambo la kawaida kwa wageni wa mwinuko huo, hata wenye afya njema kabisa. Hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ila nikuulize: huku chini je? Kama watu wa nyumbani wamewahi kukuambia unakoroma sana na kukata pumzi, hilo ni suala jingine, na lazima lipimwe hospitali kabla hujatia saini chochote.

Kichwa na chakula kukataa kupita ni ugonjwa wa mwinuko wa hali ya wastani. Huanza kuwapata watu wakivuka kama mita 2,500, saa kadhaa baada ya kufika, na mara nyingi hutulia baada ya siku moja hadi tatu ukibaki palepale. Sasa angalia ulivyofanya wewe. Ulipanda kwa dakika chache mwinuko ambao mtu wa miguu angeupanda siku nzima au zaidi, ukalala, ukashuka asubuhi. Figo zinahitaji siku kadhaa kusawazisha damu iliyobadilika kwa sababu ya upumuaji ule, na ulishuka ndiyo kwanza zinaanza. Kwa maneno mengine, umekionja kituo kwa usiku wake mbaya kuliko yote. Waliokuandalia ziara ile walikuwa na nia njema, lakini sijui kwa nini waajiri huwa hawaelezi jambo hili. Nimeona vijana wazuri wakikimbia kazi kwa ajili ya usiku mmoja.

Jingine ambalo pengine hukuambiwa: hutazoea mara moja ukamaliza. Wiki mbili za chini zinakufutia sehemu kubwa ya kile ambacho mwili ulijijengea juu. Kila zamu utaanza karibu upya, na siku mbili za mwanzo zitakuwa nzito hata baada ya miaka. Wakongwe wa vituo hivi wanatofautiana nawe kwa kitu kimoja: wanajua kitakachowapata, kwa hiyo hawakutani nacho kwa hofu. Hupanga kazi za nguvu kuanzia siku ya tatu. Hawanywi pombe usiku wa kwanza, wala hawamezi dawa za usingizi kwa kujiamulia, kwa sababu nyingi hupunguza upumuaji. Hunywa maji ya kutosha, maana hewa ya juu ni kavu na pumzi za haraka hutoa maji mengi mwilini, lakini hawajijazi maji kana kwamba ni tiba. Ikiwezekana hulala usiku mmoja mahali pa katikati ya mlima kabla ya kufika juu. Ipo pia dawa iitwayo asetazolamidi, ambayo huziharakisha figo katika kazi ile niliyoitaja na hutuliza pumzi za usiku. Inafanya kazi vizuri, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, na umweleze kama dawa zenye salfa zimewahi kukudhuru.

Hapa sasa nisikilize kwa makini. Ukishindwa kupata pumzi ukiwa umekaa tu, ukikohoa na kifua kinakoroma, ukitoa makohozi yenye povu au rangi ya pinki, ukianza kuyumba unapotembea mstari ulionyooka, au mwenzako akiona maneno yako hayana mpangilio, hapo si suala la kuvumilia mpaka asubuhi. Maji yanaingia mapafuni au ubongo unavimba. Dawa ya kweli ni kushuka, na oksijeni ya chupa wakati mnangoja usafiri. Mpimaji aliyepatwa na hali hiyo mara nyingi ndiye wa mwisho kukubali kuwa anaumwa, kwa hiyo uamuzi wa kushusha mtu uwe wa mwenzake.

Kabla ya yote hayo, muone daktari akupime moyo, mapafu na damu. Mwambie mwinuko ni mita ngapi na usafiri ni wa aina gani. Asikupime kama mtu anayekwenda kukaa ofisini. Na kama kwenu kuna selimundu, pima usibahatishe. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kupanda huko kikazi. Hata mwenye chembe za kurithi upande mmoja tu, ambaye huku chini haumwi kabisa, oksijeni ikipungua wengu wake unaweza kuumia. Ukisikia maumivu makali ubavu wa kushoto juu, chini ya mbavu, unashuka siku hiyohiyo.

Nimalizie afya na jambo ambalo halina uhusiano na mwinuko, ila hujificha nyuma yake. Vituo vya kileleni vina hita na jenereta, na barafu huziba matundu ya hewa. Moshi usio na rangi wala harufu, yaani kaboni monoksaidi, huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, dalili zilezile za mgeni wa mlima. Kama wewe umefika jana na kichwa kinakuuma, sawa. Kama mwenzako aliye na siku kumi juu naye kichwa kimeanza kumuuma leo, fungueni milango, tokeni nje, kisha ndipo mkatafute tundu lililoziba. Uliza kama kituo kina king'ora cha gesi hiyo, na kama betri zake hubadilishwa.

Sasa kazi. Uliona mitambo ikipima yenyewe, na macho yako hayakukudanganya. Joto, unyevu, mgandamizo, mwelekeo na kasi ya upepo, vyote hivyo mtambo unaweza kuvisoma kila dakika bila kupiga miayo. Ulichokosa ni kuuona mtambo siku ya ukungu wa baridi.

Matone ya ukungu hayagandi kwa sababu tu joto limeshuka chini ya sifuri. Tone dogo likikosa chembe ya kuanzia kuganda linaweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Likipeperushwa likagusa chuma, linaganda papo hapo. La pili linaganda juu yake, na la tatu. Barafu hii huota kuelekea upepo unakotoka, nyeupe na yenye manyoya, na kwenye upepo mkali hurefuka mbele ya macho yako. Vikombe vya kipimaupepo vinaanza kuzunguka kwa uzito, vinapunguza, vinasimama. Mtambo hautoi malalamiko yoyote. Unatuma kwamba upepo ni sifuri, huku nyumba nzima inatetemeka.

Vipo vipimaupepo vyenye joto la umeme, na vituo vingi vikubwa vinavyo. Ila barafu ikija kwa nguvu hata hivyo hushindwa. Ndipo unavaa, unajifunga kamba, unapanda juu ya paa na mtaimbo. Hugongi kifaa. Unagonga mlingoti chini yake, polepole kwanza, mpaka ganda lipasuke, na unasimama upande upepo unakotoka, kwa kuwa vipande vikiachia huruka na upepo na vina ncha. Glavu nene hazikuruhusu kushika skrubu, glavu nyembamba hazikuruhusu kukaa dakika tano. Unarudi ndani, unatazama skrini, namba imerukia mahali pake. Baada ya nusu saa au saa moja unapanda tena. Usiku wa ukungu wa namna hiyo ndiyo kazi yako; mambo mengine ni ya kujaza siku.

Lakini mtaimbo wenyewe ni nusu ya kazi. Nusu ya kwanza ni kujua kwamba namba haisemi kweli. Upepo unaposhuka kwenye grafu taratibu na kwa ulaini, bila mgandamizo wa hewa kubadilika na bila sauti ya nje kupungua, hapo upepo haujashuka. Mlima Washington, kwenye jimbo la New Hampshire nchini Marekani, una mita 1,917 tu lakini una sifa ya upepo. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1934 mpimaji mmojawapo aliona namba ni ndogo kuliko kishindo alichokuwa anakisikia, akatoka na rungu kugonga barafu, na kipimo kikapanda. Mchana huohuo kituo kikaandika upepo wa kilomita 372 kwa saa. Asingetoka, rekodi hiyo pengine isingepatikana.

Nisikufiche upande wa pili wa hadithi. Rekodi ile ilivunjwa tarehe 10 Aprili 1996 kwenye kisiwa cha Barrow nchini Australia, kimbunga Olivia kilipopita: kilomita 408 kwa saa, na kilichopima ni mtambo uliojiendesha wenyewe. Mashine ilishinda. Ila ilichukua mpaka 2010 kwa Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuitangaza rasmi, baada ya wataalamu kukikagua kifaa na takwimu zake. Namba isiyo na shahidi hutafutiwa shahidi baadaye, kwa shida.

Siku ya kawaida haina mambo hayo. Mnagawana saa na mwenzako, mmoja mchana mmoja usiku, au kwa namna kituo chenu kilivyozoea. Dakika kumi kabla ya saa ya kupima unatoka nje. Unatazama mawingu na kuyagawa anga katika sehemu nane, unasema zimefunikwa ngapi, na kwa mawingu ya aina gani. Kule juu mengine yako chini ya miguu yako, nayo huandikwa. Unatafuta vilele vya jirani ambavyo umbali wake unajulikana: ukikiona kile cha kilomita 30 na hukioni cha 50, umbali wa kuona umeshapatikana. Unasoma vipimajoto kwenye kibanda ili kulinganisha na mtambo. Unapima theluji, na hapo ujue kabisa kwamba chombo cha kukingia kinakosa sehemu kubwa, kwa sababu upepo huipitisha theluji juu ya mdomo wake. Unaingia, unaviweka vipimo kwenye tarakimu za kimataifa, unatuma kwa wakati. Kisha unasafisha, unabadilisha vichujio vya vipima gesi, unaandika daftari, unapika kwa sufuria ya presha, kwani maji huko huchemka kwenye nyuzi 90 hivi na chakula kigumu hakiivi kwa chungu cha wazi. Saa inafika tena.

Hapo ndipo nawaona watu wakishindwa, na si kwenye dhoruba. Kwenye dhoruba kila mtu ni hodari. Mtihani ni saa tisa usiku, wiki ya pili, ukungu umekaa siku nne na ulichokiona saa nane ndicho utakachokiona saa tisa. Kitanda kiko hatua sita. Mtu anashawishika kuandika tu. Usifanye hivyo hata mara moja. Ukikosa kipimo, andika kwamba hakipo. Pengo ni kitu ambacho mtafiti anakiona na kulikwepa. Namba ya kubuni haionekani, inaingia kwenye wastani na kukaa humo. Kituo cha Sonnblick nchini Austria, mita 3,106, kinapima tangu 1886. Thamani ya orodha ndefu kama hiyo haitokani na vifaa. Imetokana na watu wengi, wengi wao hatuwajui majina, waliotoka nje saa ambayo hakuna aliyewaona.

Je, kazi itakuwepo? Hapa ndipo penye uchungu ulioniomba. Kazi ya mtu wa kusoma vipimajoto inakufa, na imekuwa ikifa muda mrefu. Kituo cha kilele cha Fuji nchini Japani, mita 3,776, kilikuwa na wafanyakazi wa kudumu tangu 1932; mwaka 2004 waliondoka na mitambo ikaachwa. Vingine vimefuata na vingine vitafuata. Kituo cha Ben Nevis kule Uskoti kilifungwa 1904 kwa kukosa fedha, baada ya miaka ishirini na kitu ya kupima kila saa, usiku na mchana. Kwa hiyo kituo kinaweza kufa hata bila mashine.

Kinachokua ni kitu tofauti. Vilele vimegeuka mahali pa kupimia hewa yenyewe, kwa sababu viko mbali na moshi wa magari na viwanda. Pale Mauna Loa, Hawaii, kaboni dayoksaidi inapimwa tangu 1958, na grafu ile ndiyo iliyoionyesha dunia kwamba gesi hiyo inapanda mwaka hadi mwaka. Mlima Kenya una kituo cha mita 3,678 kwenye mtandao wa dunia wa kuchunguza angahewa. Vifaa vya kazi hii ni vyepesi kuudhika: vinahitaji kulinganishwa na mitungi ya gesi ya kipimo, pampu zinakufa, mabomba yanapata unyevu, umeme unayumba, na mtu lazima ajue kama kilichopanda ni gesi ya dunia au ni moshi wa jenereta yenu wenyewe upepo ulipogeuka. Mtu anayejua hayo hatafukuzwa na mtambo, kwa kuwa ndiye anayeuweka mtambo hai.

Ushauri wangu basi: ukienda kama msomaji wa namba, umechelewa. Ukienda kujifunza kulinganisha vifaa, umeme mdogo, na kuchambua takwimu kwa kompyuta, miaka mitano ya kileleni itakuuza popote. Muda wa kujifunza utakuwa nao kuliko mwenzako yeyote wa mjini. Wala usidharau kutazama tu. Mwaka 1894 kijana mmoja, C. T. R. Wilson, alikwenda Ben Nevis kushika zamu kwa wiki chache. Akavutiwa na duara za rangi zilizozunguka kivuli chake kwenye mawingu chini yake, akarudi maabara akajaribu kutengeneza mawingu ya kwake. Kifaa kilichotokana na majaribio hayo kilikuja kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu, na mwaka 1927 kikampa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Simaanishi kwamba nawe utapata. Namaanisha kwamba mjomba wako anapozungumzia kaburi, hajui anga lilivyo jingi kule juu.

Kuhusu upweke, mjomba amekosea shabaha. Hutakuwa peke yako. Taabu yenyewe ni kwamba hutakuwa peke yako kamwe. Wiki mbili na mtu mmoja, jiko moja, meza moja, kikohozi chake, namna anavyogonga kijiko kwenye kikombe. Siku ya tatu unacheka naye, siku ya tisa unasikia kijiko kile ukiwa chumba cha pili na damu inachemka. Nimesuluhisha ugomvi wa wapimaji mara nyingi, na sikumbuki uliotokana na jambo kubwa. Ni maji ya kuoga, kwa sababu maji ni ya kuyeyusha au ya kupandishwa na kila lita ina hesabu. Ni nani aliacha hita. Ni nani aliamshwa mapema. Siku ya kwanza ya kila zamu, kabla ya jambo lolote, kaeni mpangiane: nani anapika lini, maji kiasi gani, kelele zinaishia saa ngapi, na mlango uliofungwa maana yake ni usibishe hodi labda kuna hatari. Malalamiko yasemwe mchana, baada ya kula, si wakati wa kupokezana zamu ambapo mmoja amechoka na mwingine hajaamka vizuri.

Na "wiki mbili" isome kama wiki mbili hali ya hewa ikiruhusu. Upepo ukisimamisha gari la kebo, wa kukupokea hatafika na wewe utabaki. Waambie wa nyumbani mapema, wasipange harusi siku ya pili baada ya zamu yako kuisha wakakuwekea na hotuba. Kinachoumiza wengi, kwa kweli, ni huku chini: misiba na sherehe zinazopita bila wewe, na nyumba iliyojipangia utaratibu wake wakati haupo. Ukishuka, siku mbili za kwanza usianze kusahihisha mambo ya watu. Kama una mchumba, mpeleke akaone kituo kabla hujasaini, siyo baada.

Huzuni ya siku moja moja ni ya kawaida, hasa wakati wa ukungu mrefu usiopitisha jua. Ila kama usingizi haurudi hata baada ya mwili kuzoea, chakula hakina ladha, unaanza kunywa ili upitishe zamu, au unajikuta unakaa ukingoni mwa paa na mawazo ya kutotaka kuishi, mwambie mwenzako palepale na mpige simu chini siku hiyohiyo. Utashushwa kama anavyoshushwa mwenye maji mapafuni, na hakuna aibu ndani yake. Ukifika chini nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili mwenyewe, ana kwa ana. Ushauri wa kuandikiwa kama huu hautoshi kwa hilo.

Hatari za nje nitazitaja kwa ufupi kwa sababu utafundishwa. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne, kwa hiyo upepo wa kilomita 100 kwa saa si "mkali kidogo" kuliko wa 50. Radi ikikaribia, paa na mlingoti ni marufuku, saa ya kupima ifike isifike. Ukungu ukifunga, hakuna kutoka bila mwenzako kujua na bila kamba.

Ungekuwa mdogo wangu wa damu, ningekuambia uende, kwa sharti kwamba daktari akuruhusu na mwajiri akubali kitu kimoja: upande tena kwa siku nne au tano, ulale huko usiku mitatu mfululizo, ukiwa umepumzika njiani, kabla ya kurudisha barua. Usiku wa tatu ndio utakaokuambia kama mwili wako unaelewana na mlima. Mwombe pia majibu ya maandishi: mkataba ni wa muda gani, mafunzo ya vifaa yanalipiwa na nani, siku za kukwama juu zinahesabiwaje kwenye mshahara na mapumziko, oksijeni ya chupa iko wapi na ilijazwa lini, na mtu akizidiwa usiku wakati gari la kebo limesimama anashushwa na nani, kwa njia gani. Wakisitasita kwenye hilo la mwisho, barua isubiri mpaka wapate jibu.